Maziwa ya Mudyi: Ushahidi wa Mti katika Historia ya Wandembu

Utangulizi

Wanahistoria wa Afrika wamezoea kutafuta ushahidi katika sehemu tatu: nyaraka zilizohifadhiwa, masimulizi ya wazee, na vitu vinavyofukuliwa ardhini. Katika insha hii naomba tuongeze sehemu ya nne, nayo ni mti. Simaanishi mti kama dawa wala mti kama mbao, ingawa yote mawili yatajitokeza mbele. Namaanisha mti ambao jamii imeuchagua usimame mahali pale ambapo mtoto anaacha kuwa mtoto.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Lubumbashi. Kiswahili cha kwetu ni cha migodini, sokoni na kwenye reli. Kilikuja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakua na miji ya shaba. Nilipoanza kujifunza Kiswahili sanifu nilikutana na maneno jando na unyago, na nikaona yanatumiwa kana kwamba yanatosha kueleza kila mila ya kumtia kijana utu uzima, kuanzia Mombasa hadi Angola. Nilijiuliza kama kweli yanatosha. Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Wandembu, majirani zetu wa upande wa Zambia, na kwa mti wao uitwao mudyi.

Hoja yangu ni hii. Mudyi unatupa ushahidi wa namna mbili: yale watu wanayoyasema juu yake, na yale wanayoyafanya chini yake. Mashahidi hawa wawili hawasemi jambo moja. Msomi anayeandika la kwanza tu anatuachia sifa za mila. Anayeandika la pili tu anawanyang'anya wenyeji haki ya kujieleza. Historia imo katika kuwasikiliza wote wawili na kuuliza kwa nini hawapatani. Nitaanza kwa kueleza Wandembu ni nani, kisha nitaeleza sherehe yenyewe, nitajadili maana yake, na mwisho nitazungumzia kwa nini jambo hili linatuhusu leo.

Wandembu na mipaka mitatu

Wandembu ni tawi la Walunda. Wanaishi hasa Mwinilunga, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Zambia iliyobanwa kati ya Angola na Kongo, karibu na chemchemi ya mto Zambezi. Mapokeo yao yanasema kwamba watawala wao, akiwamo Kanongesha, walitoka katika dola ya Mwantiyanvwa, mfalme wa Walunda, ambaye makao yake ya Musumba leo yako katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo. Wakoloni walipogawana nchi, Walunda walijikuta chini ya serikali tatu: ya Wabelgiji, ya Waingereza na ya Wareno. Misitu ya miombo haikugawanyika. Mti ule ule unaota pande zote za mpaka.

Ili kuelewa mudyi, ni lazima kwanza tuelewe jinsi Wandembu wanavyohesabu ukoo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Vyeo na urithi hupita kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Lakini mwanamke akiolewa, huhamia kijijini kwa mumewe. Hapo pana tatizo ambalo kila kizazi hulazimika kulitatua upya. Wanaume wa ukoo mmoja wa mama hujenga kijiji pamoja, lakini watoto watakaokirithi kijiji hicho wanazaliwa na dada zao, na dada hao wanaishi kwingine, kwa waume zao. Mume anataka mke na watoto wabaki. Kaka anataka dada yake arudi na watoto wake. Vijiji huvunjika na kujengwa upya kwa sababu ya mvutano huo.

Maelezo mengi tuliyo nayo kuhusu mila za Wandembu yaliandikwa na Victor Turner, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, aliyeishi Mwinilunga pamoja na mkewe Edith kwa vipindi kati ya 1950 na 1954. Alitumwa na Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka 1937 katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kitabu chake cha 1957 kilihusu ugomvi na kuvunjika kwa vijiji. Vitabu vya 1967 na 1968 vilihusu mila na alama zake. Ni jambo la kukumbuka kwamba alianza na ugomvi kabla ya kufika kwenye miti.

Siku moja chini ya mti

Sherehe ya wasichana huitwa Nkang'a. Ina hatua tatu. Ya kwanza ni Kwing'ija, kumwingiza msichana. Ya pili ni Kunkunka, siku za kukaa ndani ya kibanda cha nyasi. Ya tatu ni Kwidisha, kumtoa nje. Hufanywa matiti ya msichana yanapoanza kuchomoza. Wandembu hawakungoja damu ya kwanza kama walivyofanya Wabemba, ambao sherehe yao ya chisungu ilitazamwa na Audrey Richards mwaka 1931 na kuelezwa katika kitabu chake cha 1956.

Siku ya Kwing'ija msichana, ambaye sasa anaitwa kankang'a, hupelekwa asubuhi na mapema kwenye mche wa mudyi. Hulazwa chini yake, amefunikwa blanketi gubigubi, na hutakiwa asijitikise kutwa nzima. Wanawake humzunguka wakicheza na kuimba. Baadhi ya nyimbo huwadhihaki wanaume, ambao hawaruhusiwi kusogea. Mahali hapo pana jina: ifwilu, mahali pa kufia. Msemaji wa Kiswahili halihitaji kamusi neno hilo, kwa maana analisikia neno kufa ndani yake. Mtoto aliyelala pale anahesabiwa kuwa amekufa utoto.

Mama yake yupo, lakini hayumo. Wanawake wenzake humzuia asiingie katika mduara wa ngoma inayochezwa kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe. Baadaye huja na chakula cha muhogo na maharagwe katika upawa mkubwa, akipaza sauti kuuliza nani atakipokea. Wanawake waliotoka vijiji mbalimbali hukikimbilia. Akitangulia mwanamke wa kijiji chake, mama hutumaini kwamba binti yake ataishi karibu. Akitangulia wa mbali, huamini kwamba binti atakwenda mbali. Hapo kimya cha yule aliyelala chini ya blanketi kinakutana na vishindo vya wanaogombea upawa.

Jua likishuka, kungwi wake, anayeitwa nkong'u, humpeleka kwenye kibanda kilichojengwa kwa ajili yake. Humo hufundishwa ngoma na mambo ya unyumba. Siku ya kutoka hupambwa, hucheza mbele ya watu wote akiwa mwanamke, kisha hukabidhiwa kwa mume.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Mudyi, ambao wataalamu wa mimea huuita Diplorhynchus condylocarpon, si mti mkubwa wala wa kustaajabisha. Ukikwaruza gome lake, hutoka matone meupe. Katika Kiswahili tungesema utomvu. Wandembu wanasema ni maziwa, na hapa ndipo nilipotambua uzito wa kutafsiri. Nikiandika utomvu mweupe, nimesema kweli kwa mtaalamu wa mimea lakini nimeua maana ya sherehe. Nikiandika maziwa, nimeihifadhi maana, lakini msomaji atadhani nazungumza kwa mafumbo, ilhali Mndembu anaona maziwa kwa macho yake.

Tatizo hilo hilo linajitokeza tukiita Nkang'a unyago. Tuna mambo mengi yanayofanana: mwali, kungwi, kufichwa ndani, kutolewa kwa shangwe. Hata mti upo. Wazaramo humpeleka mwali kwenye mti wa mkole, kama Marja-Liisa Swantz alivyoeleza katika kitabu chake cha 1970. Lakini katika Kiswahili msichana akipevuka tunasema amevunja ungo, na maana yake ni damu. Kwa Wandembu, msichana analazwa chini ya maziwa kabla ya damu. Neno unyago linatufungulia mlango, ila tusidhani kwamba tumekwisha kuingia.

Mashahidi wawili

Wandembu walipoulizwa maana ya mudyi, walijibu kwa ukarimu. Walisema maziwa yake ni maziwa ya titi la mama. Walisema ni mama na mtoto. Kisha wakapanua: ni ukoo wa mama, ambao kwa lugha yao ni ivumu, tumbo, ni mahali ambapo bibi wa mabibi alilala alipotiwa utu uzima, na binti zake wakafuata mmoja baada ya mwingine. Wengine walisema ni mafunzo, kwa kuwa msichana hupata maarifa kama mtoto anavyonyonya. Kwa ufupi, mudyi ni umoja: umoja wa mama na mwana, wa wanawake, wa ukoo, na hatimaye wa Wandembu wote.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Insha nyingi juu ya mila zetu huishia hapo: mila ilifundisha heshima, ilidumisha umoja, ilimwandaa kijana kwa maisha. Lakini tazama tena yanayotendeka. Wanawake wanawadhihaki wanaume. Wanawake wakubwa wanamtenga mama na mtoto wake. Mama yuko peke yake dhidi ya kundi. Wanawake wa kijiji kimoja wanashindana na wa kijiji kingine kwa ajili ya tonge. Na yule ambaye umoja wote unasemwa kwa ajili yake amelala chini, haoni, hasemi. Mti unaosifiwa kwa umoja umezungukwa na mgawanyiko.

Turner aliliona jambo hilo, na lilimpa taabu. Wakati huo walikuwapo wasomi waliosema kwamba mtafiti asitoe maana nyingine ila ile inayotolewa na wenyeji. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe nchini Tanganyika, alisisitiza tafsiri ya watu wenyewe. Kwa mfano, alieleza kwamba katika mila zao mgomba wa ndizi za kupika ni mwanamume na mgomba wa ndizi tamu ni mwanamke, kwa sababu hivyo ndivyo Wanyakyusa walivyomwambia. Msimamo huo una heshima ndani yake. Unamzuia mgeni asijifanye kumjua mwenyeji kuliko mwenyeji anavyojijua.

Turner alichukua njia nyingine. Alisema alama ina maana katika ngazi tatu: maelezo ya watu, matendo yao, na nafasi ya alama hiyo kati ya alama nyingine. Mshiriki wa sherehe anaona kutoka pale aliposimama. Akiwa katikati ya ngoma, haoni mduara mzima. Kwa maoni yake, maneno ya umoja na matendo ya mgawanyiko ni sehemu za jambo moja. Umoja wa ukoo wa mama unatajwa kwa nguvu siku ile hasa kwa sababu siku ile msichana anaanza safari ya kuuacha ukoo huo kwa miguu yake, aende kwa mume.

Mimi nakubaliana na Turner, lakini naona hakufika mwisho. Yeye alieleza mvutano huo kana kwamba umo ndani ya jamii ya Wandembu tangu zamani, kama mifupa ndani ya mwili. Mwanahistoria hana budi kuuliza: mwaka gani?

Bendera na boma

Mwinilunga ya 1950 haikuwa kijiji kilichojificha nje ya dunia. Misheni ya Kalene Hill ilikuwa imeanzishwa na daktari Walter Fisher mwaka 1906. Vijana walikuwa wakisafiri kwenda kwenye migodi ya shaba kutafuta fedha za kodi na za mahari. Mwaka 1953, wakati Turner akiwa bado na utafiti wake, Waingereza waliunda Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo Waafrika wengi walilipinga. Serikali ilikuwa na boma lake, na juu ya boma palipepea bendera.

Katika maelezo yaliyoandikwa na Turner kuna jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Mndembu mmoja, katika kumweleza mgeni maana ya mudyi, aliulinganisha na bendera ya Waingereza iliyopandishwa bomani: mudyi ni bendera yetu. Turner alitumia maneno hayo kuonyesha kwamba mti ni alama ya kabila zima. Ni kweli. Lakini mfano wa bendera haukutoka kwa bibi wa mabibi. Ulitoka kwa mtu aliyekuwa akiishi chini ya bendera ya wengine na akafahamu vizuri kazi yake. Alikuwa anasema: ninyi mna kitambaa chenu mbele ya ofisi yenu, sisi tunao mti wetu. Maana hiyo ya mudyi ina tarehe. Isingeweza kusemwa mwaka 1850.

Vivyo hivyo na ule upawa wa chakula. Swali la mama, kama binti yake atakaa karibu au atakwenda mbali, ni la kale. Lakini katika miaka ambayo wanaume walikuwa wakienda migodini, neno mbali lilikuwa limebadilika. Halikuwa tena kijiji cha ng'ambo ya mto tu. Lingeweza kuwa Kitwe au Mufulira, na kwa ndugu zao wa upande wetu lingeweza kuwa Kolwezi au Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Sidai kwamba kila mama aliyeshika upawa alikuwa na ramani hiyo kichwani. Ninachosema ni kwamba tendo moja la mila, likirudiwa bila kubadilika, linaweza kubeba hofu mpya kila muongo.

Ndiyo maana siafiki usemi kwamba mila ni kitu kisichobadilika kilichovunjwa na ukoloni. Mila iliendelea kufanya kazi ndani ya ukoloni, na ilijibu.

Nani aliyesimulia?

Ushahidi wowote una mtoaji. Kwa Turner, aliyemfungulia zaidi maana za miti alikuwa mganga aliyemwita kwa jina la Muchona. Kwa miezi kadhaa walikutana mara kwa mara watu watatu: Turner, Muchona, na mwalimu wa shule ya misheni aliyesaidia kufasiri. Walijadili mti mmoja baada ya mwingine: gome lake, rangi yake, jina lake, kazi yake. Turner mwenyewe aliita vikao hivyo semina. Mganga asiyesoma, mwalimu wa Kikristo na Mwingereza wa chuo kikuu walikaa pamoja kujifunza, na mkufunzi alikuwa mganga. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alipona kwa kupata msikilizaji, kwa maana Muchona alikuwa mtu mwenye akili nyingi asiyepewa nafasi kubwa kijijini.

Kwa nini hakupewa nafasi? Muchona alikuwa mtoto wa mwanamke aliyekuwa mtumwa, na maisha yake yalikuwa ya kuhamahama. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kuhitimisha insha za utamaduni kwa methali isemayo mwacha mila ni mtumwa. Historia ya mudyi inaigeuza methali hiyo. Hapa aliyeishika mila, akaieleza kwa kina hadi ikasomwa duniani kote, ni mwana wa mtumwa. Huenda ni kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyezaliwa katikati ya ukoo wenye nguvu hana haja ya kuuliza ukoo ni nini. Yule aliyesimama ukingoni huona mduara mzima, jambo ambalo Turner alisema mshiriki hawezi. Kwa hiyo Muchona anaivuruga kidogo nadharia ya rafiki yake: hapa ni mwenyeji, tena ameona kwa macho ya mtu wa pembeni.

Hata hivyo Muchona hakuwahi kulala chini ya mudyi wa Nkang'a. Alikuwa mwanamume. Edith Turner alikaa karibu na wanawake na aliona mambo ambayo mumewe asingeruhusiwa kuyaona, lakini vitabu vya miaka ile vilitoka kwa jina la mume. Nilipokuwa nikisoma, sauti niliyoitafuta na kuisikia kidogo kuliko zote ilikuwa ya kankang'a mwenyewe. Tunajua wanawake waliimba nini. Tunajua mama alifanya nini. Hatuelezwi vya kutosha msichana aliwaza nini saa nane mchana chini ya blanketi, joto likizidi, asiruhusiwe kujitikisa. Mila ilimtaka anyamaze, na vitabu vikamwacha kimya hivyo hivyo. Wengi wa wasichana wa miaka ya 1950 sasa ni wazee sana au wamekwisha kufariki. Kila mwaka unaopita bila mtu kuwauliza wenye uwezo wa kukumbuka, sehemu ya ushahidi inazikwa.

Mukula: kutoka kumbini hadi kontena

Miti nayo inaweza kuzikwa. Nitaeleza kwa mti mwingine, mukula, ambao kwa Wandembu unakwenda pamoja na mudyi.

Katika Mukanda, sherehe ya wavulana, kijana hutahiriwa chini ya mti wa mudyi. Kisha hupitishwa juu ya tawi la muyombu lililopandwa hivi punde, na muyombu ndio mti unaopandwa kijijini kwa ajili ya kuwakumbuka wahenga. Mwisho hukalishwa juu ya gogo la mukula mpaka damu ikauke. Mukula una utomvu mwekundu unaoganda haraka, nao Wandembu husema kidonda kigande hivyo hivyo. Ukiipanga miti hiyo mitatu kwa mfululizo unapata sentensi kamili: mtoto anatoka kwenye maziwa ya mama, anavuka kwa wahenga, anafika kwenye damu ya wanaume. Kila mti ni neno. Ukiondoa moja, sentensi haisomeki.

Turner aliutambua mukula kuwa Pterocarpus angolensis. Wasomaji wa Tanzania wanaujua vizuri: ni mninga, wa vitanda, milango na makabati. Ndugu yake wa karibu, Pterocarpus tinctorius, ambao Tanzania huitwa mkurungu, nao huitwa mukula kwetu na Zambia. Huo ndio uliotafutwa sana na wafanyabiashara katika miaka ya 2010, kwa ajili ya soko la samani la China. Mwaka 2017 malori yaliyobeba magogo mekundu kutoka Kongo yalizuiwa Zambia. Mwaka 2019, katika mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Geneva, mti huo uliingizwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa lazima isimamiwe.

Leo ukitamka neno mukula Lubumbashi, anayekusikia anafikiria malori, bei na vibali. Sio kosa lake. Neno limehama kutoka kumbini hadi kwenye kontena, na limehama katika muda wa kizazi kimoja. Wanaojadili hasara ya mukula huzungumzia misitu na mapato ya serikali, na wana haki. Ila sijaona mahali panapohesabiwa hasara ya tatu, ya jamii ambayo mti huu ulikuwa neno katika sentensi yake.

Mudyi umesalimika na msumeno kwa sababu ni mdogo na hauna soko kama hilo. Lakini mti unaweza kubaki na maana yake ikaondoka. Unaweza kusimama kando ya barabara, ukikwaruzwa utoe matone yake meupe, na mtoto anayepita asione ila utomvu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mti wa mila ni hati ya historia, na kwamba unasomwa kama hati nyingine: kwa kuuliza nani alisema, lini, mbele ya nani, na alifanya nini alipokuwa akisema. Maneno ya Wandembu kuhusu mudyi yanatuambia walichotaka kuwa: watu wamoja walionyonya titi moja. Matendo yao chini ya mudyi yanatuambia walichojua: kwamba binti ataondoka, mama atalia, vijiji vitagombana, na wanaume watadai chao. Jamii inayoweza kuyasema na kuyacheza yote mawili kwa siku moja, mahali pamoja, haikuhitaji mtu kutoka nje aifundishe maana ya kupingana kwa mambo.

Kwa wanafunzi wenzangu nina pendekezo. Wengi wetu tunatoka katika nchi za miombo: Kongo, Zambia, Burundi, Tanzania. Kila mmoja ana mti ambao bibi yake anaujua kwa jina na kwa kazi. Tunapokwenda likizo, tuuulize mti huo maswali mawili na tuyaandike majibu yote mawili kwa Kiswahili. La kwanza: watu wanasema nini juu yake? La pili: walifanya nini chini yake, na nani alinyamazishwa wakati wakifanya? Swali la kwanza litajibiwa na yeyote, tena kwa furaha. La pili tumpelekee hasa yule aliyelala chini ya blanketi, wakati bado yupo wa kulijibu.